Kengele Kabla ya Kilio

Siku ya kuniaga shuleni, baada ya chapati na hotuba ndefu ya mwalimu mkuu kuhusu mtu ambaye sikumtambua ingawa jina lilikuwa langu, Mwalimu Dennis alinivuta kando. Dennis ndiye aliyerithi madarasa yangu ya kidato cha nne. Aliniuliza jambo ambalo walimu wenzangu wamekuwa wakilizunguka kwa miaka mingi.

"Madam, kwa nini wanafunzi wako wakiigiza matanga hulia bila sauti? Wanaweka mikono kichwani, wanafungua mdomo, halafu kimya. Huo ni mtindo gani?"

Nilimwambia ni mtindo wangu, nikachukua kipande cha keki. Alistahili jibu bora kuliko hilo, na nyinyi wengine mnaofundisha tamthilia mnastahili pia. Sasa niko nyumbani, wakati ninao, na juzi juzi kuna jambo lililotokea hapa kwangu likanifungua mdomo. Kwa hiyo naandika. Habari za vyeo na mishahara hamtazikuta hapa. Vyote viwili vilikuja kwa kuchelewa, na nyote mnajua.

Nilianza kazi katika shule ndogo ya kutwa, si mbali na soko la Nyaramba. Shule ilikaa juu ya mgongo wa kilima, na chini yake mashamba ya chai yaliteremka hadi mtoni kisha yakapanda tena ng'ambo. Mtu akipiga chafya ng'ambo ile, ungeweza kumtakia afya bila kuinua sauti. Niliripoti siku ya kwanza nikiwa nimevaa viatu vyeupe. Udongo wa Nyamira ulilirekebisha kosa hilo kabla sijafika ofisini.

Aliyenipokea ni Mwalimu Ombati, mkuu wa idara ya Kiswahili, na idara yenyewe ilikuwa yeye. Chini ya meza yake alikuwa na sanduku la bati. Ndani mlikuwa na leso mbili, kofia kuukuu ya chifu, fimbo, miwani isiyo na vioo na blanketi la kijivu. Aliniambia kwamba hiyo ndiyo maktaba yake. Nilidhani anatania.

Somo langu la kwanza la tamthilia nililiandaa kama harusi. Nilijaza ubao: maudhui, dhamira, wahusika, mbinu za uandishi. Watoto walinakili mpaka vidole vikauma. Ombati alikaa nyuma kabisa. Tulipotoka akasema, "Umeandika vizuri sana. Sasa nani amekufa?"

"Nani amekufa wapi, mwalimu?"

"Kwa huo mchezo. Kuna mtu alikufa kwa onyesho la tatu. Watoto wameandika 'maudhui ya kifo', lakini hakuna hata mmoja anajua kuna mtu amekufa."

Maneno hayo yaliniuma wiki nzima, kisha yakawa ndiyo kazi yangu. Nilijifunza kwake kwamba mchezo husomwa watu wakiwa wamesimama, na daftari hufunguliwa mwisho. Maelekezo ya jukwaani mpe msomaji mzito kuliko wote darasani, ayasome polepole, ili wengine wapate nafasi ya kuyatenda. Naye kwa mara ya kwanza ataona darasa zima likimngoja kwa heshima. Mnyamavu mpe sehemu ya mtu mwenye makuu. Na miongozo ile inayouzwa mjini Kisii kama njugu, izuie mlangoni kadiri uwezavyo. Sikufaulu sana katika hilo. Kila mwaka palikuwa na mmoja wa kuniambia, "Lakini Madam, mwongozo imesema huyu ni katili." Nikimuuliza kama yeye amemwona akifanya ukatili, atajibu, "Hapana, lakini mwongozo imesema."

Hapa kwetu Kiswahili ni nguo ya kutokea. Nyumbani watoto huongea Ekegusii, shambani Ekegusii, wakiota nadhani ni Ekegusii. Ukimsimamisha darasani atoe sentensi ya Kiswahili, anaivaa huku akivutavuta kola. Lakini mfunge leso kiunoni, umwambie yeye ni mama wa fulani, na kola inasahaulika. Nimeliona hilo mara nyingi, na halijapata kunichosha.

Ombati alipostaafu aliniachia sanduku. Hakutoa hotuba. Alilisukuma kwa mguu kutoka chini ya meza yake hadi chini ya yangu, akaenda kwake kulima.

Kemunto aliingia kidato cha nne miaka michache baadaye. Nyumba yao ilikuwa chini tu ya uwanja wetu wa michezo, ukivuka ua na mistari kadhaa ya chai. Alikuwa kitinda mimba. Baba yake alikufa zamani, ndugu zake wakubwa walikuwa wameolewa au wameenda Nairobi kutafuta kazi, na pale nyumbani walibaki yeye na mama yake. Mama Kemunto alikuwa mchuma chai na shemasi katika kanisa la Sabato, mwanamke wa maneno machache, na mwaka ule moyo ulikuwa umeanza kumsumbua. Miguu ilimvimba. Kila asubuhi Kemunto alimpikia uji na kumtoa nje kwenye kiti, ndipo akapanda kuja darasani, sweta likinuka moshi. Darasani alikuwa mnyamavu kupita kiasi. Kwa kanuni ya Ombati, huyo ndiye wa kupewa makuu.

Tamthilia iliyokuwa ikitahiniwa wakati huo ilihusu mama ambaye mwanawe anafukiwa mgodini. Katika onyesho la tatu mwili unaletwa, mama anapiga magoti na kulia. Kuna kundi la wanawake wa kijiji ambao hawaonekani jukwaani hata mara moja. Wako nyuma ya pazia, na kila mama anapolia wao humjibu: "Tumesikia, mama. Tunakuja." Nilimpa Kemunto sehemu ya mama.

Darasa lilikuwa dogo, tukatoka uwanjani. Maiti alikuwa Onchari, mvulana mrefu aliyekuwa akicheka chini ya blanketi la kijivu hadi blanketi likatetemeka. Wasichana wa kundi walijificha nyuma ya ukuta wa darasa. Kemunto alifunga leso, akapiga magoti, akaweka mikono kichwani, akalia.

Kwa msomaji ambaye hakukulia huku inabidi nieleze. Kilio cha kufiwa kwetu si machozi tu. Kina mwendo wake. Kinamwita aliyekufa kwa jina, kinataja alichokuwa akifanya na nani atakifanya sasa. Na kikipanda, hakuna anayeuliza kwanza. Aliye kwenye majani anaacha majani, mwenye chungu motoni anakitelekeza, wote wanakimbia kuelekea sauti. Mtu akiendelea kulima huku kilio kinalia ng'ambo, siku ile ile kijiji kitaanza kujiuliza amefurahia nini. Watu wa kanisa wamejaribu kukipunguza, tuimbe nyimbo badala yake, na mchana wa mazishi tunaimba. Lakini kile cha kwanza kabisa, cha yule aliyekuwa karibu na maiti, hakijapata kupunguzwa na mtu.

Sauti iliyotoka kwa msichana yule ilikuwa hiyo hasa. Onchari aliacha kucheka.

Kisha tukasikia miguu. Wanawake walitokea kwenye ua wakikimbia, vikapu vya chai vingali mgongoni, majani yakimwagika. Walifuata wanaume, mmoja na panga la kukatia ua. Walipoona mtu kalala chini ya blanketi, kilio kikashika. Onchari, kwa kutaka kusaidia, aliinuka akasema, "Niko sawa." Mwanamke mmoja alipiga yowe na kuanguka juu ya kikapu chake. Wengine walicheka kwa hasira, ile ya mtu aliyeogopeshwa.

Wa mwisho kufika alikuwa Mama Kemunto. Alikuja akishika ua, miguu mitupu, imevimba, na sijui alipandaje pale. Alikuwa ameitambua sauti. Alisimama mbele ya binti yake hadi pumzi ikamrudia.

"Kemunto. Unalilia nani na mimi bado niko?"

"Silii mtu, mama. Ni ya mtihani."

"Kilio ya mtihani," mama akarudia, kama mtu aliyeonja mboga akakuta chumvi imezidi.

Mzee wa kijiji, tuliyemwita Omogaka Nyakundi, alinigeukia. "Omworokia," akasema, maana ndivyo tunavyomwita mwalimu, "hatukatai watoto wasome. Lakini kilio ikiita, sisi tunakuja. Leo tumeacha majani kwa jua. Mkiita tena kesho, tufanye nini?"

Nilisema tutaigiza ndani. Walitazama madirisha yetu yasiyo na vioo wakanitazama mimi. Mmoja akasema mchezo uachwe kabisa, kilio si kitu cha kuchezea. Aliyeukomboa mchezo ni Mama Kemunto. "Kama ni ya masomo, alie," alisema. "Lakini watu wajulishwe kwanza."

Ndipo Omogaka Nyakundi akatoa shauri. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti karibu na ofisi. Ya vipindi hugongwa haraka haraka. Basi tukitaka kuigiza tuigonge polepole, kwa kuvuta, na kila mtu mlimani ajue kwamba kilio kitakachofuata ni cha vitabu. Wote walikubali. Shauri lilikuwa la busara, na hata leo nikilitazama kwa upande wa siku ile silioni kasoro. Nilirudi nyumbani nikijiona kama Bunge lililopitisha mswada.

Ikawa hivyo. Rimu ililia taratibu, Kemunto akalia, na wachuma chai wakaendelea kuchuma. Baada ya muda wakawa watazamaji wa masikio. Sokoni Nyaramba mwanamke angeniambia, "Leo msichana amelia vizuri kushinda juzi." Mwingine alinisahihisha kwamba mfiwa hataji shamba kabla ya kutaja watoto. Jumamosi hatukugusa mchezo, maana ni Sabato na kila mtu yuko kanisani. Jumatatu niliulizwa kama kutakuwa na kilio, kama watu wanavyouliza kama mvua itanyesha.

Mama Kemunto alisikiliza akiwa kwenye kiti chake nje ya nyumba. Siku moja alinitumia ujumbe kwa binti yake. "Madam, mama amesema nalia haraka mno. Amesema mtu amefiwa hana haraka." Tulijaribu hivyo. Kemunto aliacha nafasi kati ya kilio na kilio, nafasi ndefu ya kutisha, na wasichana wa nyuma ya ukuta waliijaza kwa jibu lao: "Tumesikia, mama. Tunakuja." Lilikuwa onyesho bora kuliko yote niliyopata kuyafundisha. Nilitamani Ombati alione.

Muhula wa tatu, mtihani wa taifa ukiwa umekaribia, Mama Kemunto alizidiwa. Walienda hospitali Kisii wakarudi, wakaenda tena wakarudi. Kemunto alipewa ruhusa ya kushinda nyumbani kila alasiri. Sehemu yake katika mchezo ilichukuliwa na Bonareri, msichana mwenye bidii ambaye alilia kama anayeita mbuzi.

Alasiri moja mvua ilikuwa imenyesha ikaacha, na jua lilikuwa limetoka juu ya majani mabichi. Tuligonga rimu polepole. Wasichana wa kundi walienda nyuma ya ukuta, Onchari akalala chini ya blanketi, Bonareri alikuwa angali anafunga leso. Kilio kikapanda kutoka chini, upande wa kina Kemunto.

Kila mtu aliijua sauti. Ilikuwa haina haraka. Wanafunzi walitabasamu. Onchari alisema kutoka chini ya blanketi, "Kumbe Kemu anajipanga huko kwao!" Na wale wasichana nyuma ya ukuta, ambao jibu lilikuwa limewaingia hata wangeweza kulitoa usingizini, wakajibu kwa sauti moja: "Tumesikia, mama. Tunakuja."

Pakawa kimya. Kisha kilio kikapanda tena, nao wakajibu tena. Kwenye mteremko niliwaona wachuma chai. Hakuna aliyeinua kichwa. Mikono iliendelea kwenda kwenye majani na kurudi kwenye kikapu. Rimu ilikuwa imelia, wote waliisikia. Baadaye chini kukawa kimya kabisa, Bonareri akaingia, na tukalimaliza onyesho.

Tulikuwa tunakung'uta blanketi Kemunto alipotokea kwenye ua. Alikuwa na nguo za nyumbani, mikono imelowa hadi kwenye viwiko. Wenzake walimpigia makofi. Onchari akamwambia, "Kemu, leo umetuua!" Yeye alisimama akangoja makofi yaishe, kama nilivyomfundisha.

"Madam," akasema, "mama amekufa. Naomba wasichana wawili wanisaidie kumnyoosha miguu. Imeanza kukauka."

Aliyasema kwa sauti ya kuomba chaki. Nimeishi miaka mingi, nimezika wazazi wangu wote wawili, lakini sijapata kusikia huzuni kama iliyokuwa katika sauti ile isiyo na huzuni. Bonareri ndiye aliyeanza kulia, na safari hii alilia kama mtu. Kwenye majani vichwa vikainuka kwa mashaka, vikatazama rimu, vikatutazama sisi tunaokimbia kuteremka. Ndipo vikapu vikaanguka.

Walikuja wote. Walijaza uwanja wa nyumba ile hadi kwenye migomba, wakalia hadi jioni, na nadhani walilia zaidi kwa aibu. Lakini kilio cha kwanza ni cha mtu mmoja, na hakirudiwi. Cha Kemunto kilikuwa kimekwisha, akiwa peke yake na mama yake ndani ya nyumba, akijibiwa na kundi la nyuma ya pazia.

Siku ya mazishi hakutoa chozi. Wazee wa kanisa walimsifu kwa imani. Wanawake hawakumsifu, walitazamana. Baada ya kaburi kufunikwa Omogaka Nyakundi alikuja ofisini kwetu, kofia mkononi, akaomba rimu isigongwe tena kwa ajili ya mchezo. "Tulikuwa na masikio," alisema, "tukaazima kengele." Hakumlaumu mtu, na sisi hatukumlaumu. Kitu kibaya kinaweza kutokea kati ya watu wazuri ambao wote wamefanya kama walivyopatana. Hilo hamtalikuta katika mwongozo wowote.

Mtihani ulifika. Katika karatasi ya fasihi waliulizwa umuhimu wa lile kundi la wanawake. Kwa kawaida ningeshangilia, maana swali lile tulikuwa tumelitenda kwa miili yetu. Nilimngoja Kemunto kwenye lango, nikamuuliza kwa woga ameandika nini.

"Nimeandika wanajibu tu, Madam. Hawaji."

Kama jibu lilikuwa sahihi au la, wasahihishaji walijua wenyewe. Alifaulu vya kutosha, hakupata wa kumsomesha mbele, akaondoka.

Mimi nilihamishiwa shule moja chini ya kilima cha Nyanchwa, Kisii mjini, nikapanga chumba huko, nikawa narudi Nyaramba kwa mume wangu mwisho wa wiki. Nilienda na sanduku la Ombati. Nilifundisha tamthilia kwa namna ile ile, watu wakiwa wamesimama, isipokuwa sehemu ya kufiwa. Hapo niliwaambia wanafunzi waweke mikono kichwani, wafungue mdomo, na sauti ibaki ndani. Mkaguzi mmoja aliliona akaliita mbinu ya kisasa yenye uzito wa kiishara. Nilimshukuru. Mtu akikupa sifa ambayo si yako, kazi ya kumweleza ni kubwa kuliko ya kuipokea.

Kemunto nilikutana naye tena sokoni Nyaramba, mwanamke mzima, akinunua mikungu ya ndizi ya kupeleka Kisii mjini. Alikuwa ameolewa kijiji cha jirani. Tangu hapo amekuwa akija kwangu kukata ndizi zangu kila zinapokomaa. Kwa miaka tuliongea ndizi na mvua. Mara moja tu, akiwa juu ya ngazi na kisu mkononi, alisema bila kunitazama, "Siku ile, Madam, niliwasikia mkinijibu. Nikanyamaza, ili nisikie miguu yenu mkikuja."

Kisha akaukata mkungu, nikaupokea kwa chini. Nilienda jikoni nikalia mbele ya jiko, na nilipotoka alikuwa ameshafunga mizigo yake.

Sasa Dennis, sanduku la bati liko hapa kwangu, njoo ulichukue. Miwani imepotea, fimbo imeliwa na mchwa, vingine vizima. Kuhusu sauti, nilikuwa nimekusudia kukuambia uendelee na mtindo wangu. Nimebadili nia, na sababu ni hii.

Mume wangu alikufa mwaka huu, miezi michache baada ya mimi kustaafu. Tulikuwa tumepanga kuzeeka pamoja kwa utaratibu, baada ya maisha ya kuonana Ijumaa hadi Jumapili. Asubuhi ile alikunywa chai, akasema anajilaza kidogo. Nilipoenda kumwamsha alikuwa ameondoka. Nilimfumba macho. Nikatoka nikakaa kizingitini, nikaweka mikono kichwani, nikafungua mdomo.

Hakuna kilichotoka. Nilijaribu tena. Niliona majirani ng'ambo wakichuma, moshi wa jikoni kwao ukipanda, mtoto akifukuza kuku. Mume wangu alikuwa ndani amelala amekufa na dunia nzima haikujua, kwa sababu mimi niliyefundisha vizazi vya watoto kulia bila sauti, nilikuwa nimejifundisha pia. Sikumbuki nilikaa hivyo kwa muda gani. Nakumbuka nilikuwa na baridi.

Kemunto alikuja kukata ndizi, kama tulivyokuwa tumepatana. Aliingia kwenye lango akiniamkia kutoka mbali, "Bwakire, Madam," kisha akaniona. Alitazama mikono yangu kichwani. Aliutazama mdomo wangu. Alipita kando yangu akaingia ndani, akakaa kidogo, akatoka.

"Madam," akaniuliza taratibu, "umewaita?"

Nilitikisa kichwa.

Aliweka kisu chake chini. Akaifungua leso kichwani akaifunga kiunoni, akatembea hadi mwisho wa uwanja, pale kilima kinapoanza kuteremka na ng'ambo kunaonekana kote. Tangu siku ya mama yake alikuwa hajapata kumlilia mtu, wanawake wa huku wote wanalijua hilo na wamelisema sana. Alisimama hapo akiupanga moyo wake. Kisha akaweka mikono kichwani akamwita mume wangu kwa jina.

Hakuwa na haraka. Alitaja chai aliyokuwa ameinywa asubuhi. Alitaja ng'ombe atakayemngoja, na mke aliyerudi nyumbani akakuta siku ni chache. Baada ya kila kilio aliacha nafasi ile, ile ndefu, akanyamaza, akasikiliza.

Ng'ambo vichwa viliinuka kwenye majani. Nikaona kikapu cha kwanza kikianguka, kisha cha pili, kisha sikuweza kuviona vyote. Walishuka mbio hadi mtoni, wakapanda upande wetu, wanawake wakiwa wamekunja nguo, na hakuna hata mmoja aliyesimama kuuliza kama ni kweli. Kemunto aligeuka akaja kukaa kizingitini karibu nami, sauti imemkauka.

"Sikiliza miguu, Madam," akasema. "Wanakuja."

Niliisikiliza. Na walipofika langoni, mimi pia nikapata sauti.